Swichi Chini ya Meza

"Na hawa ni watu wazima wawili wanaocheza na treni." Ndivyo msimamizi wa ukumbi alivyotutambulisha asubuhi ile, alipokuwa akiwazungusha wageni wake meza hadi meza. Nikamwambia, bwana mkubwa, hapa hachezi mtu, hapa ni mahakamani. Akacheka kwa adabu, akawapeleka kwa mwenye meli za ndani ya chupa.

Sikuwa natania. Reli ile ya mfano niliijenga miaka tisa ili iwe mahakama. Meza sita zilizofungwa kwa boliti, urefu hatua kumi, na juu yake stesheni yetu kama ilivyokuwa kabla hawajaifunga na kung'oa hata mabati: majukwaa mawili, karakana, tangi la maji, geti tulilokaa nje yake siku za mgomo, na kibanda cha ishara juu ya nguzo zake, na ngazi ya vidato kumi na vinne. Sikuwa na picha hata moja. Vidato nilivitoa kichwani. Nina kichwa kisichosahau, waulizeni wakubwa wa reli waliobaki hai. Nakumbuka nani alisema nini, siku gani, na alikuwa amevaa shati gani. Shule niliiacha mapema. Umeme nilijifundisha kwa vitabu vya kuokota, na hasira haikuhitaji kitabu.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu tunamwita Koleo, mchomeleaji wa karakana aliyefukuzwa kazi siku moja na mimi. Yeye hukaa nyuma ya pazia jeusi, mwisho wa meza, ambako treni zote husubiri zamu zao. Mgeni haoni huko. Mgeni anaona treni inatokea handakini, inasimama stesheni, inaondoka, inaingia handaki la pili, anasema "ona!" na kumnyanyua mwanawe. Kinachoendelea nyuma ya pazia ni Koleo, jasho likimtiririka, akigeuza injini kwa vidole na kunong'ona, "Kipaza, punguza hotuba, ya mizigo iko tayari." Kipaza ndiye mimi. Jina hilo nililipata getini kwa sababu ya sauti yangu, na mpaka leo nikienda kwenye maonyesho ninaning'iniza kipaza sauti kidogo shingoni.

Mtambo wenyewe unafanya kazi hivi. Mbele ya kila jukwaa kuna nguzo yenye mkono wa bati uliopakwa rangi nyekundu. Mkono ukinyooka, simama. Ukishuka, nenda. Mbele yangu nina safu ya vipini vidogo. Nikivuta kimoja, waya unavutika, mkono unashuka: tak. Na nimeunganisha umeme kwa namna kwamba reli ya mbele ya jukwaa imekufa mpaka mkono ushuke. Treni haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya, hata nikisinzia. Mafundi wa meza nyingine hupiga magoti kuchungulia kazi ile kwa chini, nami nilikuwa nikijifanya sioni huku nimevimba kichwa.

Treni moja tu haikufuata sheria hiyo. Tuliiita treni ya saa tano.

Kila saa kamili nilisimamisha treni nyingine zote, nikashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, sogeeni! Siku ya tatu ya mgomo, saa tano asubuhi, mvua inanyesha kama imetumwa. Madereva wetu wamekaa ndani ya injini zao, ili wakubwa wasije kuwapandisha watu wengine. Tumekubaliana jambo moja: hakuna gurudumu litakalozunguka mpaka mkono wa ishara ushuke, na mkono hautashuka mpaka kamati ya chama iseme. Mkono ndio neno la kamati. Tazameni mkono! Umenyooka?" Watu wanajibu, umenyooka. "Umenyooka! Na huyu hapa," nanyoosha fimbo kwenye injini, kwenye kisanamu kidogo kuliko punje ya mahindi, nilichokipaka kofia nyekundu ili kionekane, "huyu aliupita. Aliupita mkono ulionyooka. Tuliokuwa getini tukaona mkia wa treni ukitokomea mvuani, tukadhani mgomo umekwisha, wengine wakarudi kazini, na jioni ile watu tisini na wawili tukatupwa nje kama maganda."

Hapo goti langu linabonyeza swichi niliyoificha chini ya meza. Umeme unapita pembeni, reli iliyokufa inafufuka, na treni inaondoka mbele ya mkono ulionyooka. Watoto wanazomea. Mimi nawaacha wazomee.

Swichi ile alinichomelea Koleo mwenyewe. Aliona ni sawa: kama dereva aliupita mkono, basi na meza yetu iweze kuupita. Aliuliza swali moja tu, "Kwa nini kibandani hujaweka mtu?" Nikamjibu kwamba mzee wa ishara alikuwa amegoma, yuko getini na sisi. Kuhusu mzee wa ishara, hiyo ilikuwa kweli. Koleo akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchomelea.

Siku hiyo ninayoisimulia, dakika chache kabla ya saa tano kamili, niliwaona wakiingia mlango wa upande. Mzee mrefu aliyejikunja mabegani, miwani nyeusi, mkono wake umekaa kwenye kiwiko cha mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vyeupe vya uuguzi. Nilimjua kabla hajafika kwenye kamba. Miaka thelathini na mmoja, na bado alikuwa anatembea kama mtu anayeshuka kwenye injini, kisigino kwanza. Alikuwa dereva wa treni ya saa tano. Mtaani kwetu, kwenye nyumba za reli, tulimpa jina la Bwana Pita. Mimi ndiye niliyelitunga.

Ningeweza kuiruka zamu ile. Ningemwambia Koleo leo injini imeungua, na yeye angeamini, maana Koleo huniamini. Lakini nitasema kilichonipata, nisijipambe: nilifurahi. Mzee wa watu amekuja kipofu, ameshikwa mkono na bintiye, na mimi nikasafisha koo.

Nilihutubia kuliko siku zote. Nilipofika penye "aliupita", sauti ilifika mpaka kwa wauza gundi mlangoni. Goti likabonyeza. Treni ikaondoka. Watoto wakazomea. Yule mwanamke alikuwa akimsimulia baba yake sikioni kila kitu anachokiona, na nilimsikia akisema, "Kuna kibanda juu ya nguzo, baba. Kitupu." Hakuonyesha hasira. Alikuwa na uso wa watu wanaofanya kazi wodini, wanaotazama kidonda bila kukunja pua.

Hawakuondoka. Wakasimama pale pale wakati nikiendesha ratiba ya kawaida: ya abiria, ya mizigo, ya matangi. Mzee aliinamisha kichwa upande, sikio kwenye meza. Watu walipopungua, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei:

"Fundi. Uko hapo?"

"Nipo."

"Kazi nzuri. Treni zako zote nasikia kwanza tak, halafu ndiyo zinaondoka. Ya abiria, tak. Ya mizigo, tak. Ile tak ni mkono wa ishara unashuka, siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Yangu haikuwa na tak. Ilikuwa na kitu kama 'ki', hapa chini, kwenye miguu yako. Umeifanyaje ikaondoka?"

Nimejibu maafisa wa kazi, polisi wa stesheni na hakimu mmoja, na sijawahi kukosa neno. Huyu nilimjibu huku natazama vipini vyangu.

"Ni swichi tu," nikasema. "Ya maonyesho."

"Aa. Kwa hiyo bila hiyo swichi, injini isingeondoka."

"Isingeondoka."

"Hata yangu haikuondoka bila mkono kushuka." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa. "Sikiliza, mwenzangu, sikuja kugombana. Mimi niliuona mkono ukishuka. Niliuona kwenye mvua, nikasema alhamdulillahi, kamati imeshinda, nikafungua mvuke. Jioni chama chote kikaniambia haukushuka. Watu wote hao! Nikafikiri, basi ni macho. Nikaenda kupimwa mara tatu. Daktari akasema ni mazima, sikumwamini. Nikaomba mwenyewe nishushwe kwenye injini, nikapewa ufagio wa karakana. Dereva anayeona mkono umeshuka na haujashuka ataua watu siku moja. Sasa yameharibika kweli, na kila nikiamka najiuliza, yalianza siku ile? Nimemsumbua huyu binti anilete. Nimesikia kuna mtu amejenga stesheni yote, hasahau kitu. Nikasema huyo atajua. Nani alikuwa kibandani?"

Kuhusu ufagio nilijua. Tulipomwona akifagia nilipita mtaani nikisema, mnaona? Dhamiri inamsuta! Nililisema hilo kwenye mikutano miwili, tarehe nazikumbuka.

Na nani alikuwa kibandani nalijua pia. Kamati iliniweka mimi. Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta vipini vya ishara, kijana wa miaka ishirini na tatu, na kazi niliyopewa ilikuwa rahisi kuliko zote: kaa humo, mtu asiguse kitu. Nilikaa siku mbili na nusu. Siku ya tatu stesheni masta akaja na mwavuli. Hakupanda hata kidato kimoja. Alisimama chini akaita, "Wewe! Shusha namba nne!" Basi. Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Ingekuwa alinihonga ningekuwa na hadithi ya kusimulia, ya umaskini, ya mama mgonjwa. Miaka minne mtu yule alikuwa ananiambia wewe, fanya hivi, wewe, fanya vile, na mikono yangu ilikuwa imemzoea. Namba nne ikashuka kabla kichwa changu hakijasema hapana. Nilipoirudisha, behewa la mwisho lilikuwa linapita.

Jioni kwenye kikao cha kamati mtu akauliza, imekuwaje? Wote wakanigeukia, maana wao peke yao walijua kwamba nilikuwa kibandani. Nikasema, "Ameupita." Mzee wa ishara alikuwa getini, hakuona kitu, na stesheni masta hakuwa na sababu ya kumtetea dereva. Neno moja lile likakaa. Halafu nikalilinda, na kulilinda kukawa ndiyo kazi yangu: nilipiga kelele kuliko wote ili asisikike mtu mwingine.

"Mimi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nilikuwa mimi kibandani."

Bintiye akaegemea kamba. "Wewe ndiye Kipaza," akasema. "Nilidhani, nikasema labda nakufananisha. Mama yangu alizikwa na watu sita. Wewe ulisimama kona ya duka la mkate, shati la kijani, unaangalia nani anakwenda. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuona."

Shati lilikuwa la kijani.

"Sasa mwambie baba. Mkono ulishuka?"

"Ulishuka," nikasema. "Niliushusha mimi. Stesheni masta aliniambia nishushe, nikashusha. Macho yako yalikuwa mazima, mzee."

Nilisema hivyo kwa sauti ambayo sikuijua, ya mtu anayeomba maji kwa jirani. Mzee alikuwa anavuta pumzi kwa pua, taratibu. Bintiye akanyoosha kidole kwenye kifua changu.

"Hicho ulichojining'iniza kina kazi gani? Kumtukana baba kinatosha, kusema ukweli betri imekwisha?"

Nikatazama ukumbi. Watu walikuwa wachache. Mwanamume mmoja anakula karanga, wanawake wawili wamekaa kwenye viti vyetu bila kuomba, baba mmoja na mapacha wake kwenye kamba, msimamizi wa ukumbi anapanga mabango. Kwa watu kama hao niliwahi kuhutubia bila kufikiri mara mbili. Nikakishika kipaza sauti, nikabonyeza kitufe.

"Ndugu zangu," nikasema, kikapiga mluzi, nikakisogeza. "Ile habari ya treni ya saa tano niliyowaambia ni uongo. Dereva hakuupita mkono. Mkono ulishuka. Aliyeushusha ni mimi, na nimemsingizia huyu mzee miaka thelathini na mmoja. Yupo hapa mbele yenu."

Mwenye karanga aliacha kutafuna, akanitazama, akaendelea. Mwanamke mmoja akamuuliza mwenzake, "Anasema nini?" "Sijui, habari za treni." Pacha mmoja akasema, "Baba, treni ile nyekundu inauzwa?" Basi. Nilikuwa nimelificha jambo hilo nikidhani siku litakapotoka paa litaanguka, na paa halikuanguka. Hilo nalo liliniaibisha. Nilimharibia mtu maisha kwa kuogopa macho ya watu, na macho yenyewe ndiyo haya.

Lakini pazia jeusi lilisogea.

Koleo alitoka akiwa bado ameshika behewa la matangi mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Nyuma ya pazia husikika vizuri kuliko mbele. Akaliweka behewa mezani, kwenye nyasi, mahali pasipo na reli, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akanitazama. Nilingoja anitukane. Koleo anajua matusi ya karakana mengi kuliko mimi. Badala yake akachutama, akaingia chini ya meza, na nikasikia kile kifaa chake kinachompa jina kikikata waya: kwanza mmoja, halafu wa pili. Akatoka na swichi kiganjani.

"Nilikuchomelea hii kwa mkono wangu," akasema.

"Najua, ndugu yangu."

"Usiniite ndugu sasa hivi." Akamgeukia mzee, akamshika mkono, akaifunga ile swichi ndani ya vidole vyake. "Kaka, mimi ni Koleo wa karakana. Siku zile ulipokuwa unafagia, nikikuona mtaani nilikuwa navuka upande wa pili wa njia ili nisikusalimie. Shikamoo."

"Marahaba," mzee akasema, akiipapasa swichi. "Hiki ndicho kilichokuwa kinasema 'ki'?"

"Ndicho."

"Kidogo hivi!" Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Halafu akasema, "Irudisheni treni yangu jukwaani. Nataka kuisikia ikiondoka."

Koleo akarudi nyuma ya pazia. Treni ikatokea handakini, ikasimama. Nikashika kipini cha nne. Kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti. Nikakivuta. Tak. Injini ikaguna, mabehewa yakanyooka moja baada ya jingine, ikaondoka. Mzee aliifuata kwa sikio mpaka ikamezwa na handaki.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa hivyo." Akapapasa kiwiko cha bintiye. "Yalikuwa mazima, mwanangu. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nikasema maneno ya kuomba radhi. Sitayaandika, hayakuwa na uzito wowote. Nikataka kumpa kile kisanamu, nikakibandua kwenye injini kwa ncha ya kisu na kumnyooshea bintiye. Hakukipokea. Mzee akauliza ni nini, akaambiwa, akasema, "Kirudishe kwenye injini. Kilikuwa kazini. Kofia tu ibadilishe rangi." Akafikiri. "Na kibandani usikuache kutupu." Wakaondoka kwa mlango wa upande, kisigino kwanza, na hakunipa mkono wala sikutegemea.

Nilikaa. Nilitamani tufungue boliti na kwenda nyumbani, lakini maonyesho ni mpaka jioni na tulikuwa tumeandikishwa siku nzima. Koleo alileta ya abiria, nikashusha mkono. Akaleta ya mizigo, nikashusha mkono. Hakunong'ona kitu. Kwa kawaida humo nyuma haachi kunung'unika, mara gurudumu limelegea, mara anataka chai. Sasa zilikuja treni tu, bila neno.

Kuelekea saa sita ukumbi ulijaa. Watoto wa shule, walimu wao, wazee wenye kofia, watu wapya kabisa ambao hawakuwepo asubuhi na hawakusikia nilichokiri. Wakabanana kwenye kamba. Mmoja akamwambia mwenzake, "Subiri saa kamili, huyu babu huwa anatoa hadithi tamu, kuna msaliti!" Nikatazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimefikiri, kwa ujinga wangu, kwamba nimeshasema. Ningeweza kuendesha mizigo mfululizo mpaka jioni, nani angejua? Nilishaanza kuweka kipini cha mizigo tayari.

Saa ikatimia. Handakini haikutoka ya mizigo. Ilitoka treni ya saa tano, ikaja taratibu mpaka jukwaani, ikasimama mbele ya mkono ulionyooka. Koleo alikuwa ameileta makusudi. Watoto wakaanza kuonyeshana kofia nyekundu.

Nikakishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "sogeeni. Kibandani kulikuwa na mtu."